Bi Ngiri Alivyovunja Kibuyu cha Deni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya watu walioshiba. Hadithi yangu ya leo haina shibe. Paukwa tena.

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni, ila msinikalie mguu huu, una baridi yabisi. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuchukua watoto, kaeni chini. Hii ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale, Mhanga ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba za porini. Mnamjua Mhanga? Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Leo anachimba shimo, kesho anachimba jingine. Wanyama wengine wanahamia humo. Mpaka leo ukimkuta ngiri shimoni, jua shimo hilo hakulichimba yeye. Ngiri anajua kufukua chakula. Nyumba hajui.

Basi palikuwa na Bi Ngiri. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Mwanamvua. Walikaa bondeni katika shimo la kuazima. Mwaka aliozaliwa Mwanamvua masika yalikuwa makali. Maji yaliingia shimoni, yakazoa chakula chote cha akiba. Bi Ngiri akabaki na mtoto mchanga na njaa. Afanyeje? Akaenda kwa Fisi kukopa.

Fisi alikaa pangoni, juu ya majabali, pakavu. Akampa vibuyu vitano vya mchwa wakavu. Akamwambia, "Utanilipa kibuyu kimoja kila siku ya nne, mpaka mimi niseme basi."

Mpaka mimi niseme basi. Mmeyasikia masharti hayo? Bi Ngiri hakuyasikia. Mwenye njaa hasikii masharti.

Siku tatu alikuwa akifukua vichuguu na kuanika mchwa juani. Siku ya nne, kabla jua halijatoka, alijaza kibuyu, akakifunga mgongoni, akashika njia. Kwata kwata, kwata kwata. Mchwa ndani ya kibuyu, chaka chaka, chaka chaka. Mwanamvua nyuma, mkia juu. Na njiani mama aliimba. Mimi nitaimba, nyinyi mtaitikia "twende". Msivute sana, hatuko harusini.

Kibuyu changu. Twende.
Siku ya nne. Twende.
Fisi anangoja. Twende.
Nisipokwenda atakuja. Twende.

Na kweli alikuja. Mara moja tu Bi Ngiri alichelewa. Jua lilipofika utosini, Fisi huyo mlangoni. "Hodi, Bi Ngiri. Nimepita tu kukusalimu. Naona mtoto anakua. Ana mapaja mazuri." Basi, akaenda zake. Bi Ngiri hakuchelewa tena.

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Bi Ngiri alikwenda na homa. Alikwenda siku aliyomzika dada yake. Alikwenda akichechemea, mwiba umo kwatoni. Kwata kwata, chaka chaka. Mwaka wa tatu, siku moja, Fisi akamwaga mchwa, akajilamba, akasema, "Basi."

"Basi nini, Bwana Fisi?"

"Deni limekwisha."

Bi Ngiri aliketi palepale. Alilia mpaka Mwanamvua naye akaanza kulia, wala hajui analilia nini.

Sasa, porini kulikuwa na mila. Aliyemaliza deni hukivunja kibuyu cha deni mbele ya majirani. Walisema kibuyu hicho kikikaa ndani huita deni jingine. Basi majirani wakaja. Kanga ndiye aliyekuwa mbele, yeye na mdomo wake. "Shoga, hongera. Kilete hicho kidudu kivunjwe, tucheze."

Mhanga alikuwepo, kakaa pembeni, hana maneno mengi. Alikichukua kibuyu akakigeuzageuza. Akasema, "Kizima hiki. Hakivuji. Mkanda wake umeshika umbo la mgongo wako. Mimi ningeendelea nacho."

"Mhanga, usitutie nuksi," Kanga akasema. "Kibuyu cha deni aendelee nacho wapi?"

Bi Ngiri alikitazama. Alikichukia kibuyu kile. Akakiinua, akakibamiza jiweni. Pwaa. Vipande. Vigelegele vikapigwa, ngoma ikalia, na Fisi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Likumbukeni hilo.

Kesho yake Bi Ngiri alipanda kilimani kwa Mhanga. "Ndugu yangu, nataka nyumba. Nataka yangu mwenyewe, maji yasikofika. Huyu mtoto sitaki anyeshewe tena."

Mhanga akamwonyesha shimo. Lilikuwa juu kabisa, mlango umetazama machweo, ndani kuna chumba kikubwa na tundu la kutokea nyuma. Mwanamvua aliingia kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia, akatoa pua nje. "Mama, mimi nitalala hapa. Wewe utalala hapo mlangoni."

"Vibuyu thelathini," Mhanga akasema. "Ulete kimoja kimoja, nitakutunzia. Vikitimia kabla ya masika, na kabla mwingine hajatimiza vyake, shimo ni lako, na la mwanao, na la wajukuu. Lakini sikiliza, Bi Ngiri. Mimi si Fisi. Sitakuja kwako kudai. Ukileta nitapokea. Usipoleta, sitakufuata."

Bi Ngiri akacheka kwa furaha. "Nimemlipa Fisi miaka mitatu, nitashindwa vibuyu thelathini? Kiangazi kizima hiki?"

Hesabuni wenyewe. Kibuyu kimoja kila siku ya nne. Hata huyu anayenyonya kidole anaona kwamba muda ulitosha, tena ukabaki.

Siku ya nne ikafika. Bi Ngiri akajaza mchwa. Ajaze wapi? Kibuyu kiko jiweni, vipande. Akasuka pakacha. Akapanda kilima, mchwa wakamwagika njiani, pwi pwi pwi, akafika na nusu. Mhanga akapokea nusu. Safari ya pili, nusu. Ya tatu akasema, "Nitatafuta kwanza kibuyu kizuri." Hakukitafuta.

Hata hivyo alijikaza. Mwezi mmoja, wa pili. Kwa pakacha lile lile, mara akizibia majani, mara akizibia udongo. Vikatimia vibuyu kumi na moja. Kila jioni Mwanamvua aliuliza, "Mama, nyumba yetu imefika wapi?"

"Imefika magotini, mwanangu."

Halafu siku moja ya nne Bi Ngiri aliamka, akalala tena.

Hakuwa mgonjwa. Alifungua macho, akasikiliza. Hakuna aliyepiga hodi. Jua likafika utosini, hakuna aliyekuja kusifu mapaja ya mtoto. Hakuna aliyemkasirikia. Akageukia upande wa pili. Mwili uliokimbia miaka mitatu ulisema, leo siendi.

Siku ya nne nyingine hali ikawa ileile. Akajiambia, "Nitapeleka viwili kwa mpigo." Hakupeleka hata kimoja. Akijaribu kuimba, wimbo unakwama. Kibuyu changu. Kibuyu kipi? Fisi anangoja. Nani anangoja?

Mnacheka nini? Wewe uliyeegemea nguzo, unacheka nini? Mtu aliyefukuzwa miaka mitatu, siku akiachwa, hajui atembee vipi. Bi Ngiri hakuwa mvivu. Alichoka, na uchovu ule ulikuwa umengoja deni liishe ndipo umwangukie. Alikaa mlangoni akitazama kilima, akaona ni mbali, akaona hata akipanda kitakuwa bado mbali. Usiseme ni jambo dogo. Mimi nalijua.

Kanga akaja. "Shoga, mbona unajikondesha? Una akiba yako kwa Mhanga. Mali ni yako, kula kidogo, upate nguvu."

Bi Ngiri akapanda kwa Mhanga. "Nipe vibuyu viwili. Nitarudisha."

Mhanga akampa. Mali ni yake, atamkatalia kwa lipi? Akaja tena, akachukua viwili. Akaja tena, akachukua kimoja. Safari za kuchukua hazikumchosha, na mchwa hawakumwagika hata mmoja.

"Mama, nyumba yetu imefika wapi?"

"Nyamaza ule."

Mwanamvua hakuuliza tena jioni ile, wala jioni nyingine.

Upepo ukageuka. Kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Mawingu yakakaa juu ya kilima, meusi. Bi Ngiri alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alisuka mapakacha mawili, akafukua mchana kutwa, meno yakamwuma, akapanda mbio. Kwata kwata kwata. Alifika akihema.

Mlangoni mwa shimo lile zilitokeza miiba. Nungunungu alikuwa ndani, anapanga matandiko.

Mhanga alisimama kando, masikio yamelala. "Nungunungu alianza nyuma yako, Bi Ngiri. Alikuwa akileta kibuyu chake mgongoni, kimoja kimoja, haongei na mtu. Jana alitimiza thelathini, wewe ulikuwa na sita. Nilikungoja, hukuja."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuambia sitakufuata."

"Fisi angeniita," Bi Ngiri akasema. Kisha akasikia alichokisema. Akaona aibu.

Mhanga akamrudishia vibuyu vyake sita. "Mvua ikipita nitachimba jingine. Anza na hivi hivi." Bi Ngiri akabeba. Njiani matone yakaanza, ndo, ndo, ndo. Mpaka anafika bondeni mvua ilikuwa imeshika, na vile vibuyu sita, ndani ya mapakacha, vilikuwa matope.

Maji yalipanda usiku uleule. Yaliingia mlangoni, yakafika kwatoni, yakafika magotini. Mama na mtoto walitoka, wakapanda kichuguu, wakasimama wamegusana. Mchana kutwa, ndo, ndo, ndo. Wakatazama kilimani. Mlango wa Nungunungu ulikuwa mkavu.

Mwanamvua alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akasema, "Mama." Bi Ngiri alijua swali linalokuja, akafumba macho. Mtoto akasema tu, "Mama, nina njaa."

Lile swali lingekuwa afadhali.

Basi wakateremka majini, wakaogelea, wakatembea. Bi Ngiri hakuuliza njia. Miguu iliijua. Ilimpeleka yenyewe mpaka juu ya majabali, mpaka mlangoni mwa pango.

"Hodi."

"Karibu," Fisi akasema. Hakushangaa. Moto ulikuwa unawaka, na kona moja ya pango ilikuwa imefagiliwa. "Mlale pale. Mchwa wapo, mle mshibe. Masharti unayajua."

Bi Ngiri alimtazama mwanawe anavyokula.

Fisi akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu kipya. Kizuri, kina mkanda. Akamwekea miguuni.

"Nilikuwa nimekuwekea," akasema. "Nimewakopesha wengi, Bi Ngiri. Kila anayekivunja hurudi."

Mvua ikakatika, mama na mtoto wakarudi bondeni na kibuyu chao. Siku moja, ya pili, ya tatu. Siku ya nne, kabla jua halijatoka, Bi Ngiri aliamka. Aliamka mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Miguu myepesi. Akajaza kibuyu mpaka shingoni, akakifunga mgongoni, na wala hakikumwaga hata mchwa mmoja.

Mwanamvua akafikicha macho. Akamwona mama amesimama, kibuyu kimejaa, kama zamani. Akaruka. "Mama, tunakwenda kulipa nyumba?"

"Hapana, mwanangu," Bi Ngiri akasema. "Tunampa Fisi."

Wakaenda. Kwata kwata, chaka chaka. Na wimbo ukarudi wenyewe. Mbona hamwitikii? Itikieni.

Kibuyu changu. Twende.
Siku ya nne. Twende.
Fisi anangoja. Twende.

Basi inatosha.

Mafunzo yake ni haya, nayasema wazi ili asitokee mtu wa kuniuliza nyuma ya nyumba. Ukimaliza deni, usivunje kibuyu. Kibuyu hakikukosa. Siku ile ile uliyokuwa ukimlipa Fisi, amka. Saa ile ile, kwa miguu ile ile, kajaze kibuyu cha nyumba yako. Hakuna atakayekuja kukupigia hodi, kwa hiyo jipigie mwenyewe. Na siku utakayochoka, maana utachoka, peleka hata nusu, lakini usilale.

Nawaambia nyinyi. Mimi mwenyewe nilimaliza madeni yangu mwaka ule wa sherehe kubwa, wengine hapa mlikula pilau yangu. Na chumba ninacholala mpaka leo mnajua ni cha nani.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni mwa Fisi, na hapo inaishia, kwa sababu hata Bi Ngiri hajatoka hapo. Nyanyueni watoto. Na ewe wa nguzoni, kile kibuyu chako nilichokiona uani, kilete ndani kisinyeshewe.