Jiko Linaita

Hii nililetewa na mtu ambaye hata simjui vizuri, nami nakuletea wewe. Isome taratibu. Ukifika mwisho utajua mwenyewe ni nani wa kumtafuta kwanza.

Alikuwako Tanga mjane mmoja, Bi Saumu, na mwanawe wa pekee, Nasoro, aliyekwenda Salalah, huko Omani, kuendesha malori ya bandarini. Alipoondoka aliaga kwamba ni mkataba mmoja tu, kisha anarudi. Mkataba ukaisha akaongeza mwingine, na mwingine tena. Kichwani mwa mama yake alibaki kijana yule yule anayekata mkate wa kumimina ungali wa moto, akiambiwa angoje upoe, naye hangoji.

Mwanzoni Nasoro alikuwa akipiga simu mara kwa mara. Bi Saumu hakuwa na swali jingine ila moja: "Unarudi lini, baba?" Nasoro alikuwa akijibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ukazidi kusumbua, simu zikapungua, na Bi Saumu akajisemea kwamba mwanawe ana kazi nyingi, asimkere.

Ndipo Nasoro akamnunulia mama yake jiko la umeme lenye oveni, apumzike kupalia makaa juu ya mkate. Bi Saumu alilipenda. Lakini nyumba zetu unazijua: oveni isipooka kitu ni kabati. Nani mwenye moyo wa kuacha nafasi yote ile ikae bure? Ijumaa alioka mkate, na siku nyingine zote yalilala humo masufuria, likiwemo lile kubwa la pilau ambalo halikuenea mahali pengine popote jikoni.

Asubuhi moja jiko likaanza kulia lenyewe, na kwenye kile kidirisha cha saa pakatokea E3. Bi Saumu akampigia mwanawe.

"Shikamoo, Mama. Kwema?"

"Marahaba, baba. Kwema. Ila jiko linaita."

"Linaita?"

"Linaita kama simu. Limeandika E, halafu tatu."

Nasoro alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia azime swichi ya ukutani, afungue mlango wa oveni, awashe kamera ya simu na kuisogeza aone ndani. Bi Saumu akamsogezea. Nasoro akatazama mpaka nyuma kabisa.

"Funga tu, Mama. Tungoje lipumzike, kisha uwashe."

Katika kungoja huko wakaongea. Nasoro aliuliza kama mpera wa uani bado unazaa, na kama Mama Kulthumu wa jirani bado anagombana na kuku wa watu. Bi Saumu alisimulia yote, na swali lake la kila siku halikumjia hata mdomoni. Alipowasha, jiko likanyamaza, na E3 ilikuwa imefutika.

Siku chache baadaye likaita tena. Likazimwa, likangojewa, wakaongea, likawashwa. Ikawa ndiyo desturi yao. Ukimwona Bi Saumu anaelekea jikoni mbio na simu mkononi, uso umekunjuka, ungedhani anakimbilia harusi.

Mama Kulthumu hakuipenda habari hiyo. Mwanamke wa watu anateseka na jiko bovu, naye jirani yake anatazama tu? Akamleta Fundi Mbwana bila hata kumwuliza mwenyewe.

Fundi alifungua mlango, akaingiza mkono, akatoka na sufuria la pilau.

"Bi mkubwa, huko nyuma kuna kijiti cha chuma. Ndicho kinachopima joto. Sufuria lako linakigandamiza, ndiyo maana jiko linalalamika. Usiliweke tena humu."

"Basi hilo tu?"

"Hilo tu. Jiko ni zima."

Mama Kulthumu alifurahi kana kwamba limepona jiko lake. Bi Saumu alishukuru kama inavyopasa, akalipandisha sufuria juu ya kabati la vyombo. Watu wakaondoka, jikoni pakawa kimya.

Kimya kile kilikaa. Wiki zikapita, jiko likiwa zima kabisa, kidirisha kikionyesha saa na si kitu kingine. Bi Saumu alikuwa akiishika simu, akilitafuta jina la mwanawe, kisha anaiweka chini. Atampigia mtu mzima yuko kazini, amwambie nini? Kwamba mpera umezaa? Ijumaa alioka mkate, akaukata ungali wa moto, akala kipande kimoja, kingine akapeleka kwa jirani. Alimkumbuka mwanawe, hata ule utundu wake wa kutongoja mkate upoe. Alimkumbuka mpaka akamwonea wivu Mama Kulthumu, ambaye wanawe wanamchosha kutwa.

Jumapili moja alipanda juu ya kigoda, akalishusha sufuria la pilau. Akalisukuma ndani ya oveni, akaendelea kulisukuma mpaka ukingo wake ukagusa kile kijiti.

"Haya, lia," akaliambia jiko.

Jiko likalia. Bi Saumu akapiga simu, na Nasoro akapokea haraka mno kwa mtu aliye kazini.

"Mama. Jiko linaita?"

"Linaita, baba."

"Afadhali," akasema Nasoro, kisha akajirekebisha. "Yaani, pole. Fungua nione."

Hapo Bi Saumu akasita. Hakuwa na desturi ya kumdanganya mtoto. Alifungua mlango, akasogeza simu, na kabla mwanawe hajasema neno akasema yeye.

"Nasoro, ni sufuria. Fundi alilitoa, akanikanya. Nimelirudisha mwenyewe leo."

 Bi Saumu alingoja kukaripiwa.

"Najua ni sufuria, Mama. Nililiona siku ile ya kwanza."

"Uliliona? Ukaninyamazia?"

"Ningekwambia, ungelitoa."

Bi Saumu akakaa juu ya kigoda. Jiko lilikuwa bado linalia, wala hakuna aliyelijali.

"Sasa mbona hukuwa unanipigia mwenyewe, mwanangu? Mpaka jiko liharibike?"

"Nikikupigia unaniuliza narudi lini, nami sina la kujibu. Jiko likiita, tunazungumzia jiko."

Bi Saumu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alitaka kuapa kwamba hatamwuliza tena maisha yake yote. Lakini Nasoro akamwahi.

"Niulize tu, Mama. Nitakujibu kwamba sijui. Ni kweli sijui. Lakini uniulize."

"Unarudi lini, baba?"

"Sijui, Mama."

Neno hilo lilimchoma Bi Saumu, na pia lilimpumzisha. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amepewa jibu. Alizima swichi, akalitoa sufuria, akalirudisha juu ya kabati.

Siku mbili hazikupita, akampigia tena. Ilikuwa asubuhi, chai mezani, wala hakuwa na kisa chochote mkononi.

"Shikamoo, Mama. Jiko linaita?"

"Jiko limenyamaza, baba," akasema Bi Saumu. "Leo naita mimi."

Funzo: Ukimkumbuka mtu, mpigie umwambie kwamba umemkumbuka. Usingoje kitu kiharibike ndipo upate sababu, na usimkimbie anayekupenda kwa kuwa tu huna jibu la swali lake.