Pa Kulala Bi Nana

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji wa pwani ambao visima vyake viliingia chumvi. Watu wakahama. Wa mwisho kuhama alikuwa nahodha Shekuwe, na mkewe Mwanakheri, na Bi Nana, mama mzazi wa Shekuwe, aliyekuwa mgonjwa, na mabaharia wachache. Wakapakia vyao chomboni, wakashika njia ya kusini.

Wakaenda, wakaenda. Mchana wanasafiri, jua likiinama wanatafuta pa kulala. Na pa kulala chombo, wanangu, hapatafutwi kwa macho. Mwanakheri naye baba yake alikuwa nahodha. Yeye ndiye aliyekuwa akitosa jiwe lililofungwa kamba, chini limepakwa mafuta ili linase kilichoko chini ya maji. Likipanda na tope, husema nanga itashika. Likipanda na mchanga mtupu, husema twendeni mbele. Basi wakawa wanalala kwenye vijito vya mikoko, penye tope, penye harufu, penye mbu. Leo mbu, kesho mbu. Mbona mnajikuna? Hamjaumwa ninyi.

Bi Nana akadhoofu. Usiku hapati usingizi, mchana hataki chakula. Ndipo wakafika kwenye ghuba moja nzuri, mchanga mweupe, maji maangavu, upepo mwanana ukitoka bara. Bi Nana akamshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, nilaze hapa usiku mmoja tu."

Mwanakheri akatosa jiwe. Likapanda na mchanga. Akamwonyesha mumewe.

"Upepo ukigeuka, Bwana, nanga haitashika, na kati yetu na pwani kuna mwamba. Kijito kiko mbele kidogo."

Shekuwe akalitazama jiwe, akamtazama mamake. Akaamuru nanga itoswe.

Ikatoswa. Bi Nana akala wali, akalala fofofo. Ndiyo, alilala vizuri. Na hilo lisemwe.

Alfajiri upepo ukageuka, ukavuma kutoka baharini. Nanga ikakokota, ikakokota, chombo kikapanda mwamba, kamba zilizoshona mbao zikakatika. Watu wakaogelea. Shekuwe alimbeba mamake mgongoni, na alipomshusha ufuoni, Bi Nana alikuwa amekwisha kukata roho.

Jua likachomoza, naye Shekuwe amekaa pale pale. Mwanakheri akamwendea.

"Sema," Shekuwe akamwambia.

"Niseme nini?"

"Lile la mchanga."

"Nilikwisha kulisema jana. Inuka, tumzike mama."

Wakamzika. Chombo hawana tena, wataendaje? Wakachimba kisima, maji yakatoka matamu, wakajenga papo hapo. Wakazaa, wakazeeka, na Mwanakheri hakumsimanga mumewe hata siku moja. Wanawake wenzake walimuuliza anawezaje kunyamaza miaka yote hiyo, naye ndiye aliyekuwa na haki. Akawajibu, "Mimi niliijua bahari. Yeye alimjua mamake."

Basi wanangu, nanga haishiki uzuri wa mahali. Mwenye kujua akisema, sikilizeni. Na aliyekosea kwa mapenzi msimsute, msiba wake wamtosha.

Kisa kimetua. Kitamu chake gawaneni, kichungu chake nirudishieni mimi.