Nani Anavuma Kwenye Kwaya?

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, nina habari ya mwalimu mmoja wa kwaya. Si wa hapa kwetu. Mwalimu wetu ametulia pale kwenye kiti chake, msimgeukie. Huyu alikuwa wa usharika mmoja wa huko juu milimani, kwenye chai na migomba, ambako mvua ikitaka kunyesha haimuulizi mtu.

Usharika ule ulimnunulia laptopu ya kurekodia nyimbo. Mpya kabisa, imetoka kwenye boksi. Na mnajua sisi tulivyo na kitu kipya. Kochi linakaa na nailoni yake mpaka watoto wa nyumba hiyo wanakua na kuoa. Basi mwalimu naye aliiacha nailoni juu ya kioo cha laptopu, akawa anasoma kwa kukodoa macho, na ukitaka kuigusa unaambiwa kanawe mikono kwanza.

Walikuwa na sababu ya kurekodi. Redio ya dayosisi ilikubali kupiga wimbo wao asubuhi ya sikukuu ya mavuno. Wimbo huo aliutunga mwanakwaya mwenzao wa sauti ya pili, Mama Tuntufye, akiwa hospitalini anamuuguza mumewe. Yule mzee alipona, ila miguu haikurudi kama zamani, na kanisani hafiki tena. Kwa hiyo alinunuliwa betri mpya za redio, akaziweka chini ya mto, akawa anamwambia kila anayekuja kumjulia hali, "Mwaka huu nitamsikia mke wangu akiimba." Shikeni hilo. Kuna mzee kitandani anamsubiri mke wake redioni.

Jumamosi mchana kwaya ikajipanga. Mwalimu akachomeka chaja ukutani, akachomeka maiki, akachomeka hedifoni kwenye tundu lake, akazivaa, akainua mkono. Wakaimba. Jamani, wakaimba mpaka mama muuza maandazi wa nje ya uzio akaacha kuhudumia wateja. Wamemaliza, wanatabasamu, wanajifuta jasho, na mwalimu amekunja uso.

"Kuna mtu anavuma," akasema.

"Anavuma vipi, mwalimu?"

"Nasikia mvumo chini ya sauti zenu, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Sauti ya nne, ni ninyi. Tokeni kwanza."

Mzee mmoja wa sauti ya nne akasema kwa upole, "Mwalimu, isije ikawa ni hiyo mashine."

"Mashine ni mpya," mwalimu akajibu, na akaigusa ile nailoni kana kwamba inaweza kukasirika.

Mmesikia jibu hilo? Mashine ni mpya. Maana yake mwenye kosa lazima awe mtu, na hasa mtu wa siku nyingi. Sauti ya nne wakatoka, wanaume wazima, wakakaa kwenye benchi la nje kama waliochelewa shule. Kwaya ikaimba tena. Mwalimu akasikiliza. Mvumo upo. Akatoa sauti ya tatu. Mvumo upo. Akaanza kupita mbele ya akina mama wa sauti ya pili, anamtazama mmoja mmoja kooni, mpaka akasimama mbele ya Mama Tuntufye.

"Mama, nisamehe, lakini sauti yako siku hizi ina mkwaruzo. Nadhani ni wewe."

Mama akamtazama. "Mwalimu, wimbo huu nimeuleta mimi."

"Ndiyo, mama, na tunakushukuru sana. Redioni watataja jina lako. Ila sauti, tuwaachie wengine."

Nikuulize kitu. Umewahi kuambiwa hivyo? Mchango wako tunauchukua, wewe mwenyewe kaa pembeni. Inauma. Inauma kuliko kutukanwa, maana anayekutukana angalau unaweza kumjibu. Mama Tuntufye alikunja kitenge chake, akachukua mwavuli, akatoka kwa mlango wa pembeni ili wale wa benchini wasimwone analia. Na njia nzima hakuwa anawaza habari ya mwalimu. Alikuwa anawaza atamwambia nini mumewe.

Alipofika nyumbani, mzee akauliza kutoka chumbani, "Mmemaliza kurekodi?"

"Bado kidogo," akasema, akaingia jikoni kumenya ndizi.

Turudi kanisani. Sauti ya pili yote imeshatoka. Wamebaki wasichana wachache wa sauti ya kwanza, wamesimama kwa adabu. Mwalimu amevaa hedifoni, amefumba macho, ameinua mkono. Ghafla akaushusha.

"Hata ninyi? Hata ninyi mnavuma?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, hatujaanza kuimba."

Hapo mtu mwingine angekaa chini akajicheka. Huyu wetu hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi ni pumzi zenu. Mnapumua kwa nguvu. Hebu tokeni."

Mnacheka ninyi. Subirini, nakuja kwenu.

Wakatoka. Kanisa likabaki tupu. Kwaya nzima iko nje kwenye benchi na chini ya paa la jiko la kanisa, inazungumza kwa sauti ya chini jinsi watu wanavyozungumza wakionewa. Ndani yuko mwalimu peke yake na kitu chake kipya. Akarudisha hedifoni masikioni. Na yule nyuki wa kwenye chupa bado anavuma. Mwalimu akaziba mdomo wake kwa mkono, asije akawa ni yeye.

Umeme ukakatika.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu amefaidika na umeme kukatika. Maana taa zilipozima, laptopu haikuzima, iliendelea kwa betri yake. Na mvumo ukakoma palepale. Mwalimu akadhani masikio yameziba. Akagonga meza, akasikia. Basi akatafuta ule wimbo wa kwanza kabisa, ule walioimba wote kabla hajamtoa mtu, akaufungua.

Ulikuwa safi. Sauti zote zimo, kila moja mahali pake. Wazee wa sauti ya nne wamekaa chini kama msingi wa nyumba, na juu yao Mama Tuntufye, na ule mkwaruzo wake ndio uliokuwa unaubeba wimbo. Hakuna nyuki. Mwalimu alikuwa bado ameshika kichwa pale umeme uliporudi, taa zikawaka, chaja ikaanza kufanya kazi yake, na nyuki akarudi. Kanisani hakuna mtu. Akachomoa chaja, nyuki akaondoka. Akaichomeka, huyoo amerudi.

Mvumo ulikuwa unatoka kwenye chaja, unapita kwenye tundu la hedifoni na kuingia masikioni mwake. Kwenye wimbo haukuwahi kuingia, hata mara moja.

Nimpe sifa yake mwalimu huyu, maana wengi wetu hapo tungefunga laptopu, tukaenda nyumbani, tukanyamaza ili tusiaibike. Yeye alichomoa chaja, akaibandua ile nailoni akaitupa, akakumbatia laptopu kifuani na kutoka. Akawaambia wale wa benchini, "Nimewakosea. Nifuateni." Kwaya nzima ikashuka naye njia ya migombani mpaka kwa Mama Tuntufye.

Akabisha hodi. Mama akatoka, kisu cha kumenyea ndizi bado kiko mkononi, na wale wa nyuma wakarudi hatua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, umefuata nini tena? Maneno ya wimbo unayo."

"Nimekufuata wewe, mama. Naomba usikilize kitu."

"Mimi nilishasikia," mama akasema. "Kama una la kusikilizisha, mpe mzee huko ndani. Ndiye anayesubiri."

Mwalimu akavua viatu, akaingia chumbani, akamvisha mzee zile hedifoni. Watu wakajazana mlangoni. Mzee akasikiliza amefumba macho. Mara vidole vyake vikaanza kupiga blanketi kwa kufuata mwendo, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Wimbo ulipokwisha akafumbua macho, akamtafuta mkewe kati ya watu.

"Huyo wa sauti ya pili ni wewe," akasema. "Nakujua. Ndiyo sauti iliyokuwa inaniita kule wodini."

Mama Tuntufye akamgeukia mwalimu. "Na ule mvumo wangu uko wapi?"

"Haumo, mama. Haukuwahi kuwa wako. Ulikuwa masikioni kwangu."

Mama akaweka kisu chini. Hakumlaumu. Alianza wimbo palepale, mlangoni kwa mumewe, na kwaya ikaupokea, na mimi nawahakikishia kwamba ndizi za siku ile ziliiva jioni sana.

Asubuhi ya mavuno redio ikapiga wimbo ule wa kwanza, wenye watu wote. Mzee aliweka zile betri mpya, akafungua sauti mpaka mwisho, na majirani wakaja wakakaa uani kwake. Kila wimbo ulipofika kwa sauti ya pili alinyoosha kidole kwenye redio, kisha kwa mkewe, asije mtu akasahau. Waliushinda ule mvumo, wapendwa. Walishinda wote, hata mwalimu.

Sasa sisi. Nilisema nakuja kwenu.

Kuna mtu humu amemtoa ndugu yake, amemtoa mkamwana wake, amemtoa jirani, na kila akimtoa mmoja anashangaa kelele bado ipo. Nyumba inapungua watu na kelele haipungui. Ndugu yangu, chomoa ulichochomeka. Ile hasira ya mwaka juzi uliyoiacha imechomekwa ukutani inakulisha usiku na mchana, na wewe unasikia mvumo kwa kila anayefungua mdomo. Cheo kipya nacho kinavuma. Rafiki mpya anayekuletea habari za watu naye anavuma, na unamwamini kwa sababu ni mpya. Je, umeshawahi kusikiliza watu wakiwa hawajaanza kuimba?

Lakini leo hasa nimekuja kwa ajili ya wale wa benchi la nje. Wewe uliyeambiwa unavuma. Uliyetoka kwa mlango wa pembeni ukaenda kumenya ndizi na kusema "bado kidogo". Nisikilize vizuri. Sikio la mwanadamu lilikuwa na mvumo, lakini wimbo wako haukuwa nao. Mungu hakusikilizi kupitia hedifoni za mtu. Ulivyoimba ndivyo wimbo wako ulivyofika juu, safi, na mkwaruzo wako umo, na umebeba wimbo. Hakuna aliyekufuta.

Kwa hiyo hatutafunga ibada hivihivi. Mliokuwa kwaya mkaacha kwa sababu ya neno la mtu, njooni mbele, mjipange kwenye sauti zenu za zamani. Mwalimu wetu atawapokea, nimeshaongea naye. Na wewe mzee wa kanisa hapo kwenye mitambo, zima maiki zote, na hii yangu pia. Tunataka kusikiana kwa masikio haya tuliyozaliwa nayo.