Shahidi wa Pili

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja huko Uingereza, mcheshi, kazi yake kuigiza. Msitabasamu, bado sijasema aliigiza nini. Zilikuwa picha zile ambazo baba mwenye nyumba hazitazami sebuleni. Eeh, mmenyamaza! Naona mmenielewa.

Ujanani alikuwa akikaanga chipsi, mpaka jamaa mmoja mwenye kamera akamwambia uso wake ni mali. Akapata jina, akapewa tuzo, wanaume wakapanga foleni awatilie saini kwenye picha zake. Miaka ikaenda. Akachoka, akaiacha kazi ile mwenyewe, akaanza kuoka keki. Ila walewale waliomshangilia, keki yake hawakutaka hata kuionja.

Jirani yake, mwanamke wa Tanga, akamwambia, "Shoga, Jumapili twende kanisani kwetu. Ibada ni ndefu, lakini pilau ipo." Akaenda. Mnaiona nguvu ya pilau?

Kanisa lile la Waswahili lilikuwa na desturi kama yetu: mgeni husimama, hutaja jina, kisha watu wote hupita kumpa mkono. Mama akasimama, akataja jina. Kabla hajapewa hata mkono mmoja, mzee wa kanisa akaruka juu.

"Mchungaji, asipewe mkono! Huyu namfahamu. Ni yule wa picha chafu!"

Jirani alipomtafsiria, mama wa watu akachukua mkoba wake atoke, machozi yanamlengalenga. Iliniuma hata mimi ninayesimulia. Alikuwa ametaka mkono tu.

Mchungaji akavua miwani. "Ngoja kwanza, mama. Mzee, Maandiko yanasema neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Wewe ni mmoja. Haya, ndugu zangu, nani mwingine amewahi kumwona kwenye hizo picha? Asimame."

Kina baba wakafungua Biblia, mmoja kaishika juu chini. Kwaya ikaanza kutafuta nyimbo. Mzee amebaki wima peke yake, nje theluji, yeye jasho linamtiririka. Na mkewe anamtazama kwa jicho ambalo, wapendwa, nisingependa kurudi nalo nyumbani.

Ungekuwa wewe, ungesimama?

Ndipo sauti ikatoka nyuma, jirani akitafsiri. "Jamani, msimwache mzee wa watu peke yake. Shahidi wa pili ni mimi. Nilikuwemo."

Mzee akamtazama yule mama. Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akaenda kumpa mkono, wa kwanza kabisa. Mchungaji akashuka, akawashika wote wawili. "Wakweli wa leo ni hawa," akasema. "Mliokaa, tutawaombea."

Ndio sisi, wapendwa! Dhambi ya mwenzetu tunaijua mpaka jina la picha, ila tukiulizwa tumeijulia wapi, tunatafuta nyimbo. Aliyekosea mbele ya watu tunamfungia mlango, na funguo tunazo sisi tuliomchungulia gizani. Nani katupatia funguo hizo?

Sasa, pale nyuma, karibu na mlango, kuna mgeni wetu wa leo. Kama yupo anayemfahamu kwa ubaya, asimame, tumsikilize na yeye kaujulia wapi.

Nasubiri.

Hakuna? Basi geuzeni Biblia zenu vizuri, muinuke, tukampe mkono.