Mapatano Yaliyofia Sandukuni

Mtu mmoja alikuwa na mhuri. Hakuwa na gari wala kitambi cha wakubwa. Alikuwa na mhuri wa serikali, rula ya mbao, na macho yasiyojua haraka. Jina lake Bi Nakijwa, na kazi yake ilikuwa kupima mapatano ya majirani yaliyokwisha muda, aone kama yanastahili kufufuliwa.

Siku moja akaletewa ya mtaa wenye nyumba ishirini na moja. Wenye nyumba wa kwanza waliandikiana kwamba hakuna atakayejenga juu ya mfereji unaopita nyuma yao. Sheria iliyapa mapatano hayo miaka thelathini, kisha yafe, isipokuwa wengi wao watie saini upya na serikali ikubali. Karatasi ikalala sandukuni kwa mwenyekiti, Mzee Elirehema, chini ya vitenge vya mkewe, ikafia humo humo bila hata matanga. Watu wakajijengea juu ya mfereji, huyu choo, yule stoo. Masika yalipofika, makochi yakaelea sebuleni kama mabata.

Ndipo wakakumbuka. Mzee Elirehema akazunguka mlango kwa mlango, wote wakatia saini, akampelekea Bi Nakijwa karatasi masika mengine yakiwa yamebakiza wiki tatu. Nusu ya mtaa ikamfuata. Wakajipanga nje ya dirisha la ofisi, wakitazama mawingu, kisha wakimtazama yeye, utadhani mvua ameifungia kwenye droo.

Bi Nakijwa akaweka karatasi kuukuu kushoto na mpya kulia, akashusha rula mstari kwa mstari. Maana sheria yasema kinachofufuliwa kisiwe kizito kuliko kilichokufa. Upande wa kulia, mstari wa kumi na nne haukuwa na mwenzake. Ulisema: ni marufuku kufuga kuku.

Akauliza ni nani anayefuga. Ni mmoja tu, Bi Sekunda, mjane anayeishi kwa mayai, ambaye jogoo wake huwika kila alfajiri chini ya dirisha la mwenyekiti. Na saini ya Bi Sekunda ilikuwepo, ya pili kutoka juu, imenyooka vizuri. Alitia bila kusoma. Nani asome, na mwenyekiti kamkuta mikono imejaa unga?

Mhuri ulikuwa tayari mkononi. Kuku wa mtu mmoja upande huu, nyumba ishirini na moja za kulowa upande ule. Bi Nakijwa akaurudisha mezani.

"Mzee wangu," akasema, "umeniletea marehemu nimfufue. Huyu alizikwa na miguu miwili. Mbona amekuja na mitatu?"

Nje wakacheka hadi wakasahau mawingu. Mzee Elirehema hakucheka. Ila siku ile ile aliandika upya, bila kuku, akazunguka nyumba zote tena, na safari hii kila mtu alisoma mpaka nukta. Bi Sekunda alimpa ungo amshikie hadi amalize.

Mhuri ukagongwa. Vyoo na stoo vikabomolewa. Mvua ikanyesha, maji yakapita nyuma ya nyumba kwa adabu zake, na alfajiri jogoo akawika pale pale.

Nanyi mnaofufua maneno ya baba zenu na kutaka wenzenu wayatii, mmeihesabu miguu yake?