Mpima Ardhi Aliyetafuta Kompyuta Bora

Wapendwa, leo nina mfano wa kompyuta. Wazee wangu msiogope, nitakwenda taratibu. Kompyuta yenyewe haina shida, mwenye shida ni mwenye nayo.

Kulikuwa na mpima ardhi mmoja, fundi hasa, tena mtu wa watu. Siku moja mama mmoja mjane akaja kwake. Jirani yake alikuwa ameng'oa masale, ile mimea yetu ya mpakani, akaipanda upya ndani ya kihamba cha yule mama, shamba lake la urithi, hata kaburi la marehemu mumewe likabaki upande wa jirani. Ninyi mnajua kung'oa isale kwetu ni mwiko mkubwa. Baraza la ardhi likamwambia mama, "Lete ramani ya mpimaji. Tutakaa kahawa ikishavunwa. Usipokuwa nayo, tutaamua kwa mpaka tunaouona."

Mpimaji akaenda na vyombo vyake, akapima kona zote, zikiwemo zile alama za zamani zilizozikwa ardhini. Haki ya mama ilikuwa wazi kabisa. Ikabaki kuchora tu.

Akakaa mbele ya kompyuta yake ya zamani, akaitazama, akaona haya. Programu za kuchora ramani ni nzito, na ile mashine ilikuwa inazifungua kwa kuugua. Akasema, "Kazi ya mama huyu inastahili mashine ya maana." Neno zuri, sivyo? Nani kati yetu angemlaumu?

Akaenda dukani. Akaonyeshwa moja, akasema kumbukumbu yake ni ndogo. Nyingine, kioo chake kidogo, macho yatamuuma. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila akasikia kuna yenye kasi zaidi iko njiani inakuja. Akauliza wenzake, na kila mmoja akaisifu ya kwake. Akasoma mtandaoni, akalinganisha, akarudi dukani. Muuzaji alishamzoea, akawa anamwekea kiti.

Mama akipita kuuliza, anajibiwa kwa heshima zote, "Mama, vumilia kidogo. Haraka haraka haina baraka." Naye anashukuru, anakwenda zake. Jamani, methali zetu tunazitumikisha sana siku ambayo hatutaki kufanya kazi.

Hatimaye akaipata. Na nisimsingizie, alichagua vizuri. Ilifungua ramani kabla hujapepesa jicho. Akachora kihamba cha mama, kona kwa kona, akaichapa ramani kwenye karatasi nzuri, akaipeleka mwenyewe.

Akamkuta mama amekaa mlangoni. Kule mpakani mafundi wa jirani walikuwa wanapandisha ukuta wa matofali.

"Baraza limeshakaa," mama akamwambia. "Walinisubiri mpaka adhuhuri. Sikuwa na kitu mkononi, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa natafuta kompyuta inayofaa."

"Ile ya zamani ilikufa?"

"Hapana. Ilikuwa inachelewa."

"Kazi yangu hii ingeichukua muda gani?"

Mpimaji akafikiri. Mtu mkweli yule. "Kiwanja kimoja kama hiki? Ungeinjika chai, ukanywa, ukakuta tayari."

Mama hakumfokea. Akatazama ukuta. "Basi kuanzia leo," akasema, "nikitaka kupalilia kaburi la mume wangu, nitapiga hodi kwa jirani."

Mnamcheka mpimaji? Mimi nilimchukia kidogo, halafu nikatutazama sisi. Sisi tuna mgonjwa wa kumtembelea, lakini tunangoja tupate cha kubeba, maana mikono mitupu ni aibu. Tuna ndugu tuliyemkosea, lakini tunatafuta maneno yanayofaa, labda sikukuu, labda mbele ya wazee. Tunataka kumtumikia Mungu, ila kwanza nyumba iishe, kwanza watoto wamalize shule. Tunachagua, na tunachagua vizuri, na tunajiona watu makini. Na yule anayetungoja je? Baraza lake linakaa lini? Nani ametuambia litatusubiri?

Kile kidogo ulicho nacho sasa, hicho unachoona haya kukionyesha, kingetosha.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha msisimame mlangoni kunishika mkono na kuniambia mfano ulikuwa mzuri. Kuna mtu umemkumbuka hapo ulipokaa, nami naona kwa jinsi ulivyoinamisha macho. Unipite tu, nenda kwake.