Stroberi za Shangazi Kupaza

Sogeeni. Aliye na muhogo mdomoni ameze kwanza, hii inataka meno yapumzike.

Huko milima ya Lushoto, kwenye baridi ambayo kuku hutaga yai limevaa sweta, walikuwapo ndugu watatu. Hoza, mkubwa, alikuwa na jicho: jani likiwa bado linawaza kuota, yeye keshaliona. Namweta alikuwa na mkono: alichomeka mwiko ardhini ajikune, ukatoa majani. Shebila, kitinda mimba, alikuwa na sikio: konokono akitafuna ng'ambo ya mlima, yeye huku anamwambia, "Taratibu, utapaliwa."

Shangazi yao Kupaza alikuwa na shamba la stroberi penye chemchemi. Magoti yalipomkatalia mlima, akahamia Korogwe kwa mwanawe. Akawaambia, "Nikirudi nikakuta zinazaa, aliyezitunza achukue shamba. Mmoja tu. Chemchemi haikatwi vipande."

Hoza alilitaka kuliko wenzake. Shamba lake lilibebwa na maporomoko ya masika. Akabaki na jembe, mke, na watoto wanaomtazama.

Stroberi zikatambaza kamba za kuzalia miche kila upande. Hoza akazikata zote. "Mama mwenye watoto mia mgongoni atazaa saa ngapi?" Kweli, matunda yakanenepa, moja kuku aliliatamia wiki nzima.

Namweta akazikuta kamba zimetupwa njiani, zina vimizizi. "Kaka, unatupa watoto?"

"Takataka hizo. Chukua."

Akazipanda kwenye makopo, akazimwagilia.

Mvua ikaja, matunda yakalala matopeni, konokono wakafika kama waalikwa wa harusi. Shebila akatandika nyasi kavu chini ya kila shina, akawafuata konokono kwa mlio wa kutafuna, akawatoa mmoja mmoja.

Ikapita miaka. Mashina yakazeeka: majani tele, matunda kama pilipili manga. Hoza akapalilia, akatia samadi, akabembeleza. Wapi! Namweta akaleta makopo yake. Wakang'oa wazee, wakapanda watoto, Hoza akikata kamba mpya, Shebila akitandika nyasi. Msimu uliofuata mlima ukawa mwekundu hadi watu wa Korogwe wakapanda na ndoo kuzima moto.

Nao wakampandisha Shangazi. Akala bakuli zima, akalamba na kidole. "Haya. Nani?"

"Mimi, Shangazi," Hoza akawahi. "Bila kisu changu zisingezaa. Hata hizo kamba nilizikata mimi."

"Ukazitupa," akasema Namweta. "Takataka zako ndizo Shangazi anazolamba."

"Gombaneni tu," Shebila akacheka. "Bila nyasi zangu angekuwa anatafuna konokono."

Hoza hakucheka. Aliitazama chemchemi, akamtazama Shangazi.

"Niongezeeni bakuli," Shangazi akasema, "nipate akili."

Mpaka sasa yuko bakuli la tisini, akili haijafika. Msaidieni kabla hajapasuka. Wewe unayecheka hapo nyuma, na wewe unayejifanya hujasikia: shamba lile mngempa nani?